Uzi wa Mkono wa Khubaib

Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa
14 Januari 2025

Kwa mwanangu Swafia, huko ulikojitupa,

Salamu za amani zikufike wewe na wenzako, na za mwanao Khubaib, na za paka, na za nyumba nzima. Sisi wazima. Paa la jikoni lavuja pale pale lilipovuja ulipokuwa mdogo, kwa hivyo usiwe na wasiwasi, hakuna kilichobadilika. Mutanu, mpangaji wetu wa juu, yule Mkamba wa kazi ya bandarini, yuwakusalimu, na viatu vyake bado vyanitembelea kichwani kila alfajiri. Simu yangu imekufa. Ilitumbukia ndooni na mimi sikuilia, mambo ya nyumba ni ya kuandikwa, si ya kupigiwa kelele barabarani. Barua hii nampa Joab wa basi pale Mwembe Tayari, naye atawapa wenziwe, wao wampe mwingine, mpaka Lodwar. Ikichelewa laumu urefu wa nchi, usinilaumu mimi.

Sasa, bahasha yako nimeipata. Nikasema moyoni, binti kamkumbuka babake. Naifungua, utepe. Utepe, Swafia! Fundi wa kanzu umemtumia utepe. Wapelekee na wavuvi wa Liwatoni ndoo ya maji ya chumvi basi, wafurahi.

Na utepe wenyewe wa plastiki, rangi zimefifia hata hazijulikani ipi ni ipi. Waniandikia, mzungushie mtoto mkono wa kushoto, ukisoma kijani mshukuru Mungu, manjano umpeleke kliniki, nyekundu umkimbize. Kwani mjukuu wangu taa za barabarani?

Nisikilize. Mimi Gharib nimepima watu miaka hamsini na miwili. Nimepima maharusi na makadhi na mabaharia, nimempima mwenye kibiongo akatoka dukani kwangu amenyooka. Mtu akipita barazani siinuki, namtupia jicho moja, bega lake nalijua, shingo yake naijua, na kwamba mkewe hapiki vizuri najua pia. Skuli nilifika darasa la tatu, na hilo la tatu nililichungulia dirishani. Tarakimu sizipendi na zenyewe hazinipendi. Hesabu zangu ziko msumarini, kila mtu na uzi wake, na kila kipimo fundo lake: la kwanza mkono wa juu, la pili shingo, la tatu kifua, la mwisho urefu. Na hajatokea mwenye digrii akanirudishia kanzu.

Mtoto wa kukamatwa mkono akaminywa ni mbuzi wa Idi. Khubaib ana miaka miwili na mwezi, mwembamba kama ukoo wetu wote. Marehemu mamako alipita kwenye upenyo wa mlango ambao paka alishindwa, na alizaa na akaishi. Chakula yuwala. Asubuhi chai na mkate, mchana chai na mkate, jioni wali akiutaka, asipoutaka simlazimishi, mimi si askari jela. Na utulivu wake! Watoto wa mtaa huu wavunja hata kisichovunjika, huyu wangu hukaa mkekani kando ya cherehani kutwa, halii, hagombi. Hayo ndiyo malezi.

Sidi, uliyemtoa Kaloleni aje amlee, hajambo nadhani. Ya Sidi tutaandika siku nyingine.

Utepe wako haukupotea bure. Nimefungia bunda la kofia.

Babako,
Gharib Fundi


Lodwar
9 Februari 2025

Baba yangu, shikamoo, na mkono wako naubusu kwa mbali,

Barua yako imenifikia baada ya siku ishirini na tatu, ina doa la soda na harufu ya samaki wa mtu. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, wenzangu wacheke. Mimi mzima. Huku vumbi linaingia mpaka kwenye chumvi, na maji tunayagawa kwa kikombe. Nisalimie Mutanu, umwambie viatu avivue ngazini, najua ulivyo mwepesi wa kulalamika na mzito wa kuzungumza na mtu.

Umemshonea kila mtu wa Mji wa Kale, Baba, na mtu mmoja tu umekataa kumpima.

Utepe ule ulikuwa mpya. Niliutoa kwenye pakiti siku ile ile. Rangi zake zinapiga macho hata kwa mtu aliyesinzia. Nashangaa wewe umeziona zimefifia, na nashangaa pia mwandiko wako siku hizi umekuwa mkubwa, maneno manne yanajaza mstari na mistari inapanda kama ngazi. Macho yako yakoje?

Nikueleze kazi yangu, maana hujawahi kuniuliza. Mtoto akikosa chakula cha kumtosha, mwili wake unaanza kujila wenyewe, na nyama ya mkono wa juu ndiyo inayotangulia kwenda. Uso unadanganya. Tumbo linadanganya zaidi, linaweza kuwa kubwa kama la mwenye mali na mtoto anakufa. Mkono haudanganyi. Tangu miezi sita mpaka miaka mitano mkono wa mtoto mwenye afya haubadiliki sana unene, ndiyo maana utepe mmoja unawatosha wote. Ukishuka chini ya sentimita kumi na mbili na nusu, tunauliza maswali. Ukishuka chini ya kumi na moja na nusu, hatuulizi tena, tunambeba.

Wiki iliyopita alikuja mama na binti yake, akaniambia huyu ni mtulivu, hanisumbui kabisa, mtazame mwingine. Nikampima huyo mtulivu kwanza. Sikuandikii utepe ulisoma rangi gani.

Mtoto aliyeshiba hatulii, Baba. Mtoto wa miaka miwili asiyevunja kitu ananitisha.

Unasema Sidi hajambo "nadhani". Mtu uliye naye nyumba moja unamdhania?

Kliniki hutaki, utepe umefungia kofia. Basi msimamishe Khubaib kwenye mlango wa mbele bila viatu, uweke alama ya mkaa utosini kwake, kila mwezi alama. Hilo tu. Baba yake alipokwenda Muscat akasahau njia ya kurudi, wewe ndiwe uliyesema "niachie mimi mtoto, nenda kazini". Nilikwenda. Mengine juu ya kwenda huko tuyaache.

Mwanao,
Swafia


Kibokoni
2 Aprili 2025

Swafia,

Idi njema na ya mwakani tuione. Marahaba kwa shikamoo yako, japo barua yenyewe ilikuwa na meno. Nilichelewa kuijibu kwa sababu ya kazi za Idi, watu wote wataka kanzu siku moja, kama kwamba mwezi huandama bila kuwaambia. Mutanu hajambo, kwa ubaya tu. Sababu nitakwambia.

Macho yangu yaache. Wino wa kalamu za siku hizi ndio hafifu.

Kwanza nikupe habari itakayokufunga mdomo. Wakumbuka Idi ya mwaka jana nilimshonea Khubaib kanzu nyeupe yenye tarizi, na pindo la vidole vinne chini, akiba, ili akirefuka nilifungue? Basi Jumatatu hii ya Idi nimemvisha kanzu ile ile. Imemkaa, Swafia! Mwaka mzima, na imemkaa kama nimeishona jana. Pindo sikuligusa. Begani sawa, chini sawa, mkononi hata imebakisha nafasi. Nitajie fundi mwingine kuanzia Kibokoni mpaka Makadara awezaye kushona kanzu ya mtoto ikamtosha Idi mbili. Hayuko. Wamekwisha, nimebaki mimi. Msikitini niliwaonyesha pindo, wakatazama kanzu, wakamtazama mtoto, wakaondoka mmoja mmoja. Wivu huo.

Jioni nikampeleka bustani ya Mama Ngina, kule baharini. Watu kama siafu, mihogo, pilipili, watoto wapiga mbio na mapovu ya sabuni. Wake wa watu wahangaika kukimbiza watoto wao. Mimi wangu hakuteremka mapajani. Nilimpa muhogo akaushika tu. Na kurudi nilimbeba, Mama Ngina mpaka nyumbani, sikupumzika hata mara moja. Miaka sabini na minne! Vijana wa leo wabeba mfuko wa unga wahema.

Mlangoni kwangu nikamkuta huyo Mutanu. Akamshika mtoto shavu, akasema, "Mzee Gharib, huyu mtoto amekonda."

"Amekondeshwa na nani?"

"Sijui. Namwona tu. Mimi nimelea wadogo zangu sita. Huyu hana hata pa kukalia."

"Wadogo zako ni wadogo zako. Sisi ni watu wa mifupa miembamba."

"Mifupa naiona, Mzee. Ninayoitafuta ni nyama. Na hiyo kanzu inamwanguka mabegani."

"Kanzu yangu haijawahi kumwanguka mtu!"

"Basi anayeanguka ni mtoto," akasema.

Nikamwambia panda ngazi zako, na mlango huu usiugonge tena mpaka uitwe. Sijamwita.

Ama alama ya mkaa, nilimsimamisha mlangoni akaketi. Nikamsimamisha, akaketi. Mara ya tatu nikamwacha. Tena mlango ule uliletwa na babu yangu, siupaki mkaa kwa amri ya Lodwar.

Babako,
Gharib Fundi


Lodwar
17 Aprili 2025

Baba,

Salamu leo ni fupi, utanisamehe.

Kanzu ile si ushindi wako. Mtoto wa mwaka mmoja na miezi minne huongezeka kiganja kizima mpaka afike miaka miwili na robo. Ulilijua hilo ulipoacha pindo la vidole vinne, uliliacha kwa sababu unajua watoto wanavyokua, umeshona miaka hamsini na miwili. Pindo halikufunguliwa kwa sababu Khubaib hakukua. Mkononi imebakisha nafasi kwa sababu mkono umepungua. Na hukuchoka kumbeba kutoka Mama Ngina kwa sababu hakuna ulichobeba.

Waliokuwa msikitini hawakukuonea wivu.

Nimempigia Mutanu. Ameniambia umemfungia mlango, na kwamba hajamwona Sidi tangu mwezi wa kumi na moja. Sitaki maelezo sasa. Nataka kipimo.

Hutaki utepe wangu, tumia uzi wako. Mkono wa kushoto, uukunje. Shika uzi toka ncha ya mfupa wa bega mpaka ncha ya kiwiko, uukunje uzi katikati, hapo katikati ndipo pa kupimia. Kisha mkono uteremke ulegee. Zungusha uzi hapo, usiuvute ukaminya ngozi, usiulegeze kidole kikapita. Ulinifundisha hayo mwenyewe nikiwa na miaka tisa: "uzi usibusu wala usiume." Funga fundo. Mpe Joab, aje nao moja kwa moja, nimezungumza naye.

Nimeomba ruhusa kazini. Uzi usiponifikia kwa siku nane, sitaandika tena. Nitakuja, na nikiondoka nitaondoka na Khubaib, na hutaulizwa.

Swafia


Kibokoni
22 Aprili 2025

Swafia,

Salamu kama zilivyo kawaida.

Wanitisha? Mimi niliyekufundisha kushika sindano? Haya. Ili nikuaibishe mbele ya wenzako, nimekupimia.

Nimempima Khubaib leo baada ya adhuhuri, mkono wa kushoto, katikati, bila kubusu wala kuuma. Sikuhitaji kutazama, vidole vyangu vina akili kuliko watu wengi. Nilipoanza nikampima na shingo, kifua na urefu, kwa sababu sijui kupima nusu ya mtu. Yeye alikuwa amelala, hakushtuka.

Kisha nikausogelea msumari, nikautafuta uzi wake wa mwaka jana, ule wa kanzu. Nikazilaza nyuzi mbili mezani ncha kwa ncha, nikazipapasa.

Fundo la mwisho lilikutana na fundo la mwisho.

Fundo la kwanza halikukutana.

Joto la Mombasa hunyoosha uzi, kila fundi ajua. Au pengine mwaka jana niliufunga vibaya, japo sijawahi. Nimekutilia zote mbili kwenye bahasha. Wewe uliyesoma utaniambia ipi ni ya mwaka jana na ipi ni ya leo.

Joab amesema gari yaondoka saa tisa. Sina la kuongeza.

Gharib


Lodwar
25 Aprili 2025

Baba,

Maneno haya ninamsomea Mutanu kwa simu, yeye anaandika, atakupitishia chini ya mlango kwa kuwa umemfungia.

Nyuzi nimezipima kwa rula. Nimejua ya mwaka jana, mafundo yake yamebanwa sawa kama mbegu. Ya leo yamelegea, na moja umelifunga mara mbili.

Mwaka jana, mkono, sentimita kumi na tatu nukta nne. Leo, kumi na moja nukta mbili. Kwa rangi ulizoziona zimefifia, hiyo ni nyekundu. Urefu haukuongezeka hata unene wa kidole.

Fungua mlango. Mpe Mutanu mtoto au uende naye, lakini usibishane naye ngazini. Kliniki iko wazi mpaka saa kumi. Kadi ya Khubaib itafute. Usimpe chai kabla ya kutoka. Wakimpa cha kula huko mwache ale polepole mbele yao, hicho pia ni kipimo, wanataka kujua kama bado ana hamu.

Mimi nimepanda gari.

Swafia

(Mzee, hapa ni mimi Mutanu. Viatu nimevivua. Niko nje ya mlango, sigongi. Nasubiri.)


Kibokoni
8 Juni 2025

Kwa Swafia mwanangu,

Idi ya Mfungo Tatu, ile ya kuchinja, imepita, Mwenyezi Mungu atutakabalie sote. Salamu nyingi kutoka kwangu, kutoka kwa Khubaib, kutoka kwa paka, ambaye sasa ana maadui. Mutanu yuwakusalimu. Viatu bado yuwavivua, na sasa siku asipovivua nitajua kuna msiba.

Siku kumi ulizokaa hapa ulipokuja hatukusema la maana, kila mtu alimwangalia mtoto. Ni kwa sababu ulinirithi ukaidi, mamako hakuwa hivyo. Kwa karatasi naweza kukushinda, kwa hivyo sasa nasema.

Wale watu wa kliniki siwataki hata leo. Yule Benard, muuguzi, kijana ana ndevu tatu, alimtundika Khubaib kwenye mizani ya ndoano, miguu yaning'inia, nami nikakumbuka nilivyokuandikia habari ya mbuzi wa Idi, nikataka kumwambia unaona, nilisema. Kisha wakamlaza kwenye ubao wakampima urefu, mmoja kashika kichwa mwingine kashika magoti, watu wawili na ubao kwa kazi ambayo mimi naifanya kwa uzi na mtoto amesinzia. Kisha pakiti zao. Watoa njugu za kusaga na sukari na mafuta kwenye pakiti wanaziita dawa! Nyanya yako alikuwa akisaga njugu kwenye kinu, hakuna aliyemwita daktari. Lakini siku ile ya kwanza, mbele ya Benard, Khubaib aliinyonya ile pakiti mpaka akaigeuza nje ndani. Wakasema huyu ana hamu, hatumlazi, arudi nyumbani na pakiti, aje kila wiki. Nami nikaenda kusimama nje kidogo, kulikuwa na jua, nikasimama juani.

Uliniuliza Sidi yuko wapi. Nilikwambia alikwenda msibani. Ulijua ni uongo, ukanitazama mpaka nikaumaliza. Msiba haukuwako. Mwezi wa kumi na moja Sidi alimpeleka mtoto kupimwa bila ruhusa yangu, kumbe kwa ruhusa uliyomwachia wewe, hilo nawe hukuniambia, tuko sawa hapo. Akarudi na kadi ya kliniki, ile wanayoichora mstari wa kukua kwa mtoto, akanionyesha. "Babu, ona, mstari wake umelala."

Swafia, mimi sikuuona mstari. Sikuiona hata kadi ila weupe wake. Nikamwambia, "Umelala? Basi nawe nenda kalale kwenu." Akaondoka, na kadi mkononi, wala simu ya kukwambia hana.

Macho yangu yana ukungu mwaka wa pili sasa. Jicho la kulia laona nuru na watu kama nguo zilizoanikwa, la kushoto ni la urembo. Hizo kanzu za Idi nilizokwambia nilishona moja, na mwenyewe alikuja kuirudisha. Nilimfukuza. Nyuzi nazisoma kwa vidole, barua zako nasomewa na mtoto wa jirani, na ile ya chini ya mlango alinisomea Mutanu mwenyewe nilipomfungulia, sindano nilikuwa nikitungiwa na Sidi. Kama ningemwambia mtu macho hayaoni, mtoto angechukuliwa siku ile ile, na mimi ningebaki na paka. Kwa hivyo nilimtazama Khubaib kwa mdomo. Nikisema mzima, awe mzima. Hiyo ndiyo hesabu niliyoifanya, na hesabu mimi niliishia darasa la tatu.

Juzi kabla ya Idi nilikwenda Kaloleni. Mutanu alinipandisha gari Mwembe Tayari, akamwambia kondakta, "Huyu mzee anaona kila kitu isipokuwa vitu." Watu wakacheka. Nilimwacha acheke nao.

Sidi alikuwa akikuna nazi. Hakuinuka.

"Babu," akasema, "umekuja kuniomba msamaha?"

"Nimekuja kuchukua kadi ya mtoto. Uliondoka nayo."

"Kadi ninayo."

"Basi njoo nayo."

"Nije nayo siku ngapi?"

"Mpaka mstari uinuke."

Akakuna nazi mpaka ikaisha. Kisha akaenda kufunga nguo zake. Sasa yuko hapa jikoni, yuwapika uji wa njugu na maziwa, samaki amtoa miba mmoja mmoja, na chai ya mtoto ameimwaga, na yangu pia alitaka kuimwaga, tukagombana. Ameanza kunitukana, kwa hivyo najua atakaa.

Kila Alhamisi twaenda kwa Benard. Yeye huzungusha utepe wake, mimi nikiwa nimekwisha kuzungusha uzi wangu nyumbani. Wiki ya kwanza alinicheka. Wiki ya tatu akaniambia, "Mzee, hebu kwanza uzi wako unasemaje?" Nikampa aulaze kwenye rula. Tofauti ilikuwa upana wa sindano, naye kosa lilikuwa lake, alivuta utepe. Nikamwambia usibusu wala usiume. Ameandika ukutani. Nimesikia sasa akina mama wote huambiwa hivyo, na hamna hata mmoja ajuaye kwamba ni maneno ya Gharib wa Kibokoni, ndivyo dunia ilivyo.

Uzi wa Khubaib una mafundo sita ya mkono, moja la kila wiki. Niliyafunga kwa kupapasa, na kila moja limepita mwenziwe. La Alhamisi hii Benard amelisoma kumi na mbili nukta mbili. Ni manjano, yuwasema, bado si kijani, na urefu utakuja nyuma, urefu ni mvivu. Nimemwambia sisi ni watu wa mifupa miembamba. Akasema ndiyo Mzee, na hata mfupa mwembamba huvaa nyama. Nikamwacha na ushindi huo, yeye ni kijana.

Macho nitapasuliwa hospitali mwezi wa saba, Mutanu amepanga, nimekubali ili anyamaze.

Sasa lile lako. Ulisema ukiwa mlangoni, mkoba begani, kwamba Idi ikipita utaamua kama Khubaib abaki kwangu au umtwae. Wewe ndiwe mama. Sikuombi. Sijawahi kumwomba mtu, na umri huu si wa kujifunza. Nakupa habari tu, uamue kwa habari.

Jana asubuhi nilimvisha kanzu yake ya tarizi, ile niliyojisifia mpaka msikitini, kisha baada ya kliniki nikaikata mikono na ubavu isimwanguke. Alikwisha kuvunja kikombe changu cha chai na mkia wa paka alikuwa ameuvuta mara mbili kabla ya sala. Nikamwingiza mkono wa kulia, ukaingia kwa taabu. Wa kushoto ukakwama. Akapiga ukelele, akanipiga kofi la usoni, nikampapasa kwapani, nguo imebana, hata kidole hakipiti. Nikaketi pale pale sakafuni na wembe, nikaufumua mshono wa ubavu kwa vidole, nikaitoa akiba yote niliyoiweka, na bado yambana.

Ile ndiyo kanzu mbovu kuliko zote nilizopata kushona. Haikutimiza hata miezi mitatu tangu nijisifie. Ukija kumtwaa, njoo na yadi mbili za kitambaa cheupe. Ukija kumwacha, njoo na kitambaa vile vile. Hii haimtoshi.

Babako,
Gharib